Nimehamia kwangu, kodi silipi, lakini pesa haionekani. Inakwenda wapi?

#1 Mpangaji Mstaafu
Wakuu, habari za jioni.
Tangu naanza kazi nilikuwa najipa moyo kwamba nikihamia kwangu, ile hela ya kodi itageuka akiba. Nilikuwa Sinza, vyumba viwili na sebule, 350,000 kwa mwezi, na baba mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Yaani 2,100,000 mara mbili kwa mwaka.
Mwaka jana tukahamia kwetu Madale. Nyumba haijaisha ila inakalika: bati lipo, madirisha yapo, choo cha ndani kinafanya kazi, vyumba viwili kati ya vitatu vina sakafu.
Sasa ikifika tarehe 18 mimi na mama watoto tunaangaliana tu. Zamani nikipungukiwa nilijua sababu, nimetoka kulipa kodi. Leo kodi hakuna na hela hakuna. Silewi, sina mchepuko, mpira naangalizia nyumbani. Mliotutangulia kuhama, hii pesa inakwenda wapi?

#2 Kitunguu Swaumu
Habari ya mchepuko hakuna aliyekuuliza.

#3 Ngosha wa Chanika
Karibu chamani mkuu. Jibu lako ni nauli, usihangaike kutafuta jingine. Sinza unatoka nje unaona daladala. Madale sijui unakaa upande gani, lakini kama ni kule ndani lazima boda hadi kituoni. Boda 2,000 asubuhi, 2,000 jioni, siku 22 za kazi, hiyo ni 88,000 na hujapanda daladala bado. Daladala nazo tangu Desemba 2023 ni 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na 700 mpaka kilomita 15. Unganisha gari mbili, zidisha kwa mke, zidisha kwa watoto. Viwanja vya bei poa tulivyonunua huku tunavilipia barabarani kila siku.

#4 Shangazi wa Kivule
Mwanangu Mpangaji, mimi nauli siipingi, ila kuna jambo wanaume hamlioni kwa sababu hampiki. Ukipanga Sinza vyumba viwili, ndugu akisema anakuja unamuuliza "utalala wapi?" naye anaelewa. Ukihamia kwako hata hakuulizi. Mtoto wa kaka kapata chuo, wifi anakuja kliniki Muhimbili, binamu kaja kutafuta kazi. Hao wote ni wako, huwafukuzi, na wala si vibaya. Lakini mchele wa kilo 25 uliokuwa unamaliza mwezi sasa unaishia wiki ya pili. Hesabu sahani, usihesabu shilingi.

#5 mtoto_wa_kota
Shangazi umemaliza.

#6 Luku Hainitoshi
Hajamaliza. Angalieni umeme. Bei ya uniti ina madaraja. Mteja mdogo wa majumbani, lile daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni 350. Mteja wa kawaida, T1, ni 292 kuanzia uniti ya kwanza. Hizo ni kabla ya VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). Ukijumlisha, mdogo analipa kama 122 na wa kawaida kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inampa mwenzako uniti 77 hivi (baada ya 75 anaingia ile bei ya juu), wewe inakupa 28, mkabaki mnabishana dukani kwa Mangi nani kaibiwa.
Sasa mtu anahamia kwake anaweka mota ya maji, friji kubwa, hita ya kuogea. Mota ya hp moja ikizunguka saa nzima ni karibu uniti moja. Zile hita za bafuni za papo kwa papo ndio balaa: yenye kilowati 5 dakika 12 tu imekula uniti. Familia ya watu watano kila mtu anajiimbia bafuni, piga hesabu.
Halafu kuna kodi ya jengo 1,000 kila mwezi, inakatwa humo humo kwenye LUKU, ukinunua umeme.

#7 Mzawa wa Kinyerezi
Sahihisha hapo @Luku Hainitoshi. 1,000 ilikuwa wakati makato ya LUKU yanaanza, 2021. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Ghorofa ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, sawa na 7,500 kwa mwezi.

#8 Luku Hainitoshi
Asante. Bado 1,500 haimfilisi mtu.

#9 Mzawa wa Kinyerezi
Haimfilisi, ila ina tabia ya kushtua. Usiponunua umeme miezi mitatu minne, deni linakusubiri, siku unanunua inakatwa yote kwa pamoja. Watu wenye nyumba imefungwa wanasema wameibiwa. Na kama nyumba yako moja ina mita mbili na zote zinakatwa, nenda TRA, mamlaka ya mapato, wakuwekee sawa, kodi ni ya jengo, haihusiani na idadi ya mita.

#10 Kitunguu Swaumu
Kwa hiyo wapangaji wangu ndio wananilipia kodi ya jengo? Mbona sikujua. Asanteni sana.

#11 mtoto_wa_kota
Ndio maana mimi mpangaji wako nakuchukia. Uwakate kwenye pango, hiyo kodi ni ya mwenye nyumba.

#12 Mkaguzi wa Zamani
Naona kila mmoja anagawa dawa na mgonjwa hajapimwa. Mtoa mada, weka tarakimu hapa. Ulikuwa unatumia nini Sinza, unatumia nini Madale. Bila hivyo tutafika ukurasa wa kumi tunapiga porojo.

#13 Mpangaji Mstaafu
Shikamoo mzee. Nimekaa na mama watoto, hizi ni za makadirio, kwa mwezi.
Sinza: kodi 350,000, umeme 25,000, maji 15,000, nauli za wote 70,000, taka 3,000.
Madale: nauli za wote pamoja na boda 210,000, umeme 80,000, maji 65,000 (ya bomba yanakuja kwa zamu, katikati tunanunua boza), taka na ulinzi shirikishi 15,000. Halafu mafundi na vifaa. Hapo sina hesabu kamili, laki mbili, mwezi mwingine laki tatu. Chakula sijaweka, mama anasema kimeongezeka ila hajui kiasi gani.

#14 Mkaguzi wa Zamani
Marahaba. Sasa tazama. Sinza jumla 463,000. Madale ukiacha fundi ni 370,000. Kwa hiyo nauli, umeme, maji na taka vyote vikiwa vimepanda namna hiyo, bado umeokoa 93,000 kila mwezi. Ukimweka fundi wa laki mbili unafika 570,000, wa laki tatu 670,000.
Kwa hiyo ndugu yangu unaendelea kujenga, kwa pesa ya mboga, bila bajeti ya ujenzi. Zamani ulipojenga ulikuwa na fungu lake: mkopo, mchezo, bonasi. Ulipohamia ukafunga lile fungu ukasema nimemaliza, kumbe nyumba haijamaliza.

#15 Ngosha wa Chanika
Mzee hapo nakupinga kwa adabu. Nauli imetoka 70,000 hadi 210,000. Hiyo ni 140,000 kila mwezi, milele. Fundi ataondoka siku moja. Nauli haiondoki.

#16 fundi_mchundo
Nani kakwambia fundi anaondoka?
Mimi niko kazini miaka mingi, niwaambie ukweli msioupenda. Nyumba mpya inadai kuliko ya zamani, hasa hizi za kujengwa kwa awamu. Msingi umekaa miaka mitatu mvuani, kuta zimesimama miaka miwili hazina ripu, mbao za kupaulia zimenunuliwa mbichi kwa sababu zilikuwa na bei nzuri. Mwenye nyumba akihamia ndio kila kitu kinaanza kujitokeza: ukuta unapanda unyevu kutoka chini kwa sababu nailoni haikuwekwa juu ya msingi, rangi inabanduka, milango inavimba, mchwa wanaingia kwenye fremu. Hapo utasema fundi anakula hela yako? Fundi anarekebisha uliporuka.
Na mpangilio wa kazi ndio unaoua watu. Mtu anajenga fensi na geti la urembo kabla hajafikiria karo la maji taka. Karo likijaa, gari la kunyonya haliingii. Nimevunja fensi za watu kwa ajili hiyo na nimelipwa kuzijenga tena, silalamiki. Mwingine anapiga tailizi sebule nzima, halafu anakumbuka bomba la maji lilipaswa kupita chini. Kwanza maji yote, ya kuingia na ya kutoka. Mvua ipitie wapi, ya bafuni iende wapi, karo lifikike kwa gari na liwe na mfuniko unaofunguka. Sakafu baadaye. Jipsam na taa za rangirangi mwisho kabisa, au msiweke, mimi sitakufa njaa.

#17 Kitunguu Swaumu
Fundi anasema tusiweke jipsam. Jamani tukio la kihistoria.

#18 Mama Pacha
Mtoa mada shukuru Mungu hudaiwi. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba iliyokamilika kwa mkopo wa nyumba wa benki, nitaeleza ili wengine wajue wanachoingia. Tulikopa milioni 60, riba 15% kwa mwaka, miaka 15. Rejesho ni kama 840,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza katika hiyo 840,000, riba pekee ilikuwa 750,000. Deni lenyewe lilipungua 90,000 tu. Mpaka umalize umetoa kama milioni 151.
Sisemi ni vibaya, tunakaa pazuri na watoto wako karibu na shule, na wala hatukuuza ujana wetu kwa mafundi. Ila watu waliniambia "ni kama kodi tu". Si kama kodi. Nikipanga na mambo yakiharibika nahamia kwenye chumba kimoja Manzese. Hapa mambo yakiharibika nyumba yenyewe ndiyo dhamana.

#19 mtoto_wa_kota
151 kwa 60?? Dada hapo mmepigwa.

#20 Mkaguzi wa Zamani
Hajapigwa, ndivyo hesabu ilivyo kwa riba hiyo na muda huo. Riba inapigwa kwenye salio, na salio la mwanzo ni kubwa. Ndiyo maana pesa ya ziada ikiingizwa miaka ya mwanzo inaokoa kuliko ya miaka ya mwisho. Mama Pacha, ukipata chochote pembeni, waulize mambo mawili kabla: kuna faini ya kulipa mapema? Na hiyo ziada itafupisha muda au itapunguza rejesho? Vitu viwili tofauti hivyo. Omba muda ufupishwe.

#21 Mama Pacha
Ahsante mzee, la pili sikuwahi kufikiria kuuliza. Kesho asubuhi nitakuwa pale.

#22 Mwalimu wa Mkuranga
Sisi watumishi hatuna milioni 60. Tunakopa kwa mshahara, na huko sheria inataka usibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara. Wengi tunajenga tukiwa tumefika kwenye hiyo theluthi. Makato ya mfuko wa hifadhi, bodi ya mikopo 15%, kodi ya mapato, rejesho la benki. Theluthi ndiyo inayohamia kwenye nyumba mpya. Kwa hiyo nikisoma mtoa mada anauliza pesa inakwenda wapi, mimi kwangu najua, ilishakwenda kabla sijahama. Ikifika tarehe 20 mtu anaangukia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani, anachukua laki moja anarudisha laki na thelathini baada ya mwezi, na mwezi unaofuata anaanza na pengo.

#23 Shangazi wa Kivule
Pole mwalimu. Hao kausha damu wakija nyumbani wanahesabu na viti.

#24 Nairobi Hadi Pwani
Salaam kutoka Kitengela, Kenya. Nasoma nikicheka kwa sababu tatizo ni lile lile, tofauti ni majina. Mimi nilinunua fleti. Kila mwezi kuna ada ya kuhudumia jengo: lifti, mlinzi, taa za ngazi, maji ya boza bomba likikauka. Ukichelewa wanakufungia maji kwa heshima zote. Siku ya kununua nililipa ushuru wa stempu 4% ya thamani kwa sababu ni eneo la mji, mashambani ni 2%, na hiyo hakuna aliyenihesabia nilipokuwa napangia bei. Kisha kwenye mshahara nakatwa 1.5% ya tozo ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza 1.5% yake, ilhali nyumba ninayo tayari.

#25 Kitunguu Swaumu
Mkenya hongera, umeandika aya nzima bila kuweka Kiingereza.

#26 Nairobi Hadi Pwani
Nilijikaza sana.

#27 Binti Sayari
Mimi ninaamini sababu ni nidhamu, na si nyingine. Baba mwenye nyumba alikuwa anakulazimisha uweke akiba. Miezi sita ikikaribia unaacha kununua hiki, unaahirisha kile, mpaka milioni mbili zinapatikana kwa mshahara uleule. Sasa hakuna anayekugongea mlango. Zile laki tatu na nusu hazijaenda kwa fundi wala boda, zimesambaa: soda hapa, pazia pale, chipsi mayai za jioni.
Nyumbani kwetu tulitatua hivi. Nilimwambia mume wangu mimi ni mama mwenye nyumba. Kila tarehe 28 ananilipa kodi, namwandikia risiti, pesa inakwenda kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule wa uwekezaji wa pamoja. Sikuiweka kwenye simu kwa makusudi, maana simu iko mkononi saa zote. Kwenye mfuko ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi, na hamu ya kununua inakuwa imeisha. Mota ilipoungua tulitoa humo, hatukukopa.

#28 Ngosha wa Chanika
Na nani anamkagua mama mwenye nyumba?

#29 Binti Sayari
Mpangaji mkorofi anahamishwa.

#30 mtoto_wa_kota
😂😂 Ngosha kimya.

#31 Mzawa wa Kinyerezi
Mimi akiba yangu naiweka kwenye vifaa. Mwezi huu tofali mia, mwezi ujao mifuko kumi ya simenti, nondo. Bei inapanda wakati zangu ziko stoo. Benki haiwezi kunilipa hivyo.

#32 fundi_mchundo
Tofali na nondo sawa, nondo ifunike. Simenti usiweke akiba. Ikipita miezi mitatu inapoteza nguvu hata kama haijaganda, na huku pwani unyevu unaiwahi mapema zaidi. Halafu mkaniite mimi fundi mbovu.

#33 Luku Hainitoshi
Na kila ukiwa na tofali mia uani unatafuta pa kuzijengea. Kijumba cha mlinzi, banda la kuku. Hiyo ni akiba inayojitumia yenyewe.

#34 Mwalimu wa Mkuranga
Msiseme banda la kuku. Nilifuga, nikasema eneo lipo, mayai yatalipa umeme. Chakula cha kuku kilikuwa kinakula mayai kabla hayajatagwa.

#35 Shangazi wa Kivule
Kwa sababu ulifuga wa kisasa. Kienyeji wachache wanaojitafutia, na mchicha na matembele pembeni, tunakula sisi na mgeni. Mboga ya 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Hiyo sinunui.

#36 Ngosha wa Chanika
Shangazi, na maji ya kumwagilia ni ya boza?

#37 Shangazi wa Kivule
Ya kuoshea vyombo, mjukuu wangu. Unajua kuuliza wewe.

#38 Mpya Hapa
Naomba kuuliza, kwa hiyo mtu akishakatwa kwenye LUKU anakuwa amelipa kodi zote za nyumba? Ndivyo nilivyoelezwa na dalali.

#39 Mzawa wa Kinyerezi
Hapana! Dalali achana naye. Inayokatwa kwenye LUKU ni kodi ya jengo. Kodi ya ardhi ni nyingine kabisa, inalipwa kila mwaka Wizara ya Ardhi kwa kontrol namba, na kiwango kinategemea ukubwa wa kiwanja, mahali na matumizi yake. Mwaka wake unaanza Julai. Ukiwa na hati halafu hulipi, deni linakua, na kutolipa ni moja ya sababu za mtu kufutiwa hati. Wenye leseni ya makazi kwenye maeneo yasiyopimwa nao wana ya kwao ya kulipa, na leseni ina muda wake wa kuhuishwa.
Kwa mwenye bajeti ya mwezi, kodi ya ardhi ni mtego kwa sababu haikuhusu miezi kumi na moja, halafu inakuja kwa mkupuo. Igawe kwa 12 uiweke kila mwezi.

#40 Mkaguzi wa Zamani
Hoja nzuri sana hiyo. Gharama za nyumba ni za aina mbili: zinazokuja kila mwezi na zinazokuja zikijisikia. Wapangaji wanazijua za kwanza tu, za pili alikuwa nazo baba mwenye nyumba. Kunyonya karo, rangi, mota, koki, vitasa, bati lililopeperuka. Mpangaji akiona koki inavuja anapiga simu. Ukihamia kwako simu hiyo unajipigia.
Kuhusu kodi ya jengo niongeze: mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi kwenye nyumba yake ana msamaha kwa nyumba moja. Wazazi wenu wengi wanakatwa na hawajui. Wapelekeni TRA.

#41 Mama Pacha
Mama yangu ana 71 na anakatwa kila mwezi. Nashukuru.

#42 mtoto_wa_kota
Uzi umekuwa wa maana mpaka naogopa kuchangia. Simba kafungwa ngapi?

#43 Kitunguu Swaumu
Toka nje.

#44 Mpangaji Mstaafu
Nimerudi wakuu. Mama watoto amechukua ushauri wa mzee kwa nguvu zote, kanunua daftari, kila senti inaandikwa tangu wiki iliyopita. Hata vocha ya 500 naulizwa.
Kuna kitu kimejitokeza ambacho hakuna aliyekitaja. Duka. Sinza tulikuwa tunakwenda sokoni Jumamosi, tunanunua kwa jumla. Huku soko liko mbali, kwa hiyo kila kitu kwa Mangi, tena kwa kupima: mafuta ya 1,000, sukari robo, sabuni kipande, mkaa wa kopo kwa sababu gesi imeisha katikati ya wiki na wa kuibeba hayupo. Na Mangi ana daftari lake la madeni, jina letu limo. Tulipolinganisha daftari la Mangi na la mama, wiki moja chakula na vitu vidogo vidogo vimezidi tulivyokuwa tunakisia.
Mzee Mkaguzi, kwa hiyo fundi si peke yake.

#45 Shangazi wa Kivule
Na wageni?

#46 Mpangaji Mstaafu
Shangazi... wapo wawili. Mmoja kaja kwa wiki mbili, tangu mwezi wa tatu.

#47 Shangazi wa Kivule
Nilisema mimi.

#48 Mkaguzi wa Zamani
Sibishani na daftari. Ila wiki moja si mwezi, endeleeni. Na lile fungu la fundi bado lilikuwa kubwa kuliko nyongeza yoyote uliyotaja. Simamisha ujenzi miezi mitatu uone tarehe 18 itakuwaje.

#49 fundi_mchundo
Mzee usimwambie asimamishe, mvua ziko karibu. Kama gata hana na maji ya bati yanadondokea kwenye msingi, miezi mitatu hiyo itamgharimu mwaka. Asimamishe jipsam, geti na rangi. Maji ya mvua hayasimamishwi.

#50 Ngosha wa Chanika
Na ahamie karibu na kazi.

#51 Luku Hainitoshi
Ngosha mtu ametoka kuhamia!! Mpangaji, kuhusu 80,000 ya umeme: angalia risiti yako uko daraja gani. Kama uko T1, hiyo ni karibu uniti 220 kwa mwezi, mbali sana na 75, hata ukienda kuomba kurudishwa D1 hawakuwekei, wanatazama matumizi yako ya miezi. Cha kufanya ni kupunguza. Una hita?

#52 Mpangaji Mstaafu
Ipo. Na mota, na friji mbili, moja ni ya mama, ana biashara ya barafu na juisi.

#53 Binti Sayari
Friji ya biashara! Hiyo si gharama ya nyumba, hiyo ni ya biashara. Mama alipe umeme wake kutoka kwenye juisi. Ndio maana hesabu zenu haziishi, mmechanganya mifuko miwili.

#54 Kitunguu Swaumu
Mama watoto akisoma hapa mtoa mada atarudi Sinza peke yake.

#55 Mpya Hapa
Mimi pia niulize la kwangu. Nina boma Kibaha, limepauliwa, madirisha hayajawekwa vioo, grili zipo. Kodi inaisha mwezi ujao, mwenye nyumba anataka miezi sita, 900,000. Nihamie hivyo hivyo au nilipe?

#56 Mzawa wa Kinyerezi
Hamia. 900,000 ni vioo hivyo.

#57 Mama Pacha
Una watoto wadogo? Kama unao, lipa hata miezi mitatu, mwombe. Mbu na vumbi la Kibaha ni hospitali kila wiki.

#58 Binti Sayari
Usihamie kama huna hata laki tano ya dharura. Wiki ya kwanza tu kuna kitu kitaharibika.

#59 fundi_mchundo
Milango miwili ya nje yenye vitasa vya maana, choo kimoja kinachofanya kazi, tanki la maji, chumba kimoja chenye sakafu. Ukiwa na hivyo hamia, vioo weka chumba cha kulala kwanza, kwingine nailoni nzito. Njoo inboksi nikupe makadirio.

#60 Ngosha wa Chanika
Kazini ni wapi?

#61 Mpya Hapa
Kariakoo.

#62 Ngosha wa Chanika
Haya.

#63 Luku Hainitoshi
Umeme umeshavuta? Kama bado, kapime umbali hadi kwenye nguzo kabla hujaamua. Viwango vilivyotangazwa Januari 2022 kwa mjini, njia moja: ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960, ukihitaji nguzo moja ni 515,618. Ile 27,000 ni ya vijijini, usidanganywe na aliyeunganishwa zamani. Na fundi wa kutandaza waya ndani ni pesa yake pembeni, awe na leseni, la sivyo fomu yako hairuki hatua ya kwanza.

#64 Mpya Hapa
Nguzo ipo kwa jirani, kama hatua arobaini. Nakwenda kupima Jumamosi.